Bi Hodi na Mtaro Mpana

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika mtaani, na yeye mwenyewe hakuonekana kulililia. Wote walimwita Bi Hodi. Kabla hujaiona sura yake ungeisikia sauti yake mlangoni, nzito kidogo, isiyo na haraka, ikipiga hodi ya kwanza, kisha kimya, kisha hodi ya pili. Ya tatu hakuwahi kuipiga. Alisema ya tatu ni ya askari.

Kwa kazi alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi lenye alama za kuungua, kila alama na umbo la pasi, na chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari ili inyunyize maji. Alikuwa na pasi mbili za mkaa zilizopokezana zamu: moja ikinyoosha, nyingine imekaa nje dirishani ikipulizwa na upepo. Nguo zikishanyooka alizipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, amezilaza mkononi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Na hapo mlangoni ndipo ilipoanzia kazi yake ya pili, ile ambayo hakuna aliyemtuma.

Akishakabidhi nguo hakuingia ndani, hata umkaribishe vipi. Aliketi kizingitini, mgongo kwenye fremu ya mlango, akashika chochote alichokuta kinafanywa. Kama ni mchele, alichambua. Kama ni soksi, alitafutia kila moja mwenzake. Mkutano wa mtaa wa kila Jumapili, ambao ndio uliomleta, hakuutaja kabisa. Aliuliza swali moja tu: "Ni kitu gani kinakukera humu?" Halafu alinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikuwa ufundi wenyewe, maana watu wengi hawawezi kuvumilia kimya cha mwenzao. Wangeanza na mambo madogo, panya, jirani mwenye redio, kisha taratibu wangefika penyewe. Wakifika, Bi Hodi alisimama, akajikung'uta sketi, akamwambia mwenye nyumba kwamba hayo hayo aliyomwambia yeye akayaseme Jumapili uwanjani, na yeye atakaa nyuma yake. Kweli alikaa nyuma. Katika mikutano yote iliyowahi kufanyika mtaani, wachache tu walikumbuka kumwona Bi Hodi amesimama mbele.

Alikuwa na elimu yake ya watu. Anayesema "nitakuja" kabla hujamaliza sentensi, aliwaambia wenzake wa kamati ya mtaa, huyo msimngojee. Anayeuliza kama kutakuwa na kivuli, huyo ameshafika. Wenzake walicheka, lakini Jumapili ikija waliangalia, na ikawa vilevile.

Elimu yake nyingine ilihusu ofisi za serikali. "Tukiomba, tuombe kikubwa," alizoea kusema. "Kupunguza watapunguza wenyewe." Waliwahi kuomba mabomba manne ya maji huku wakitaka moja, wakapewa moja. Waliomba taa za barabarani mtaa mzima, wakapewa mbili, zile mbili walizokuwa wakizihitaji. Seremala, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, mtu mpole mwenye penseli sikioni hata siku ya msiba, aliipenda mbinu hiyo kupita kiasi. Alisema ofisi ni kama duka la nguo, bei ya kwanza ni ya kusalimiana tu.

Mtu mmoja tu mtaani hakuvutiwa na mambo hayo, naye alikuwa dada yake Bi Hodi, tumbo moja. Huyu alikuwa msusi. Alikaa katika nyumba waliyoachiwa na mama yao, pale mtaro wa zamani unapopinda, na alisukia barazani, wateja wameketi kwenye benchi fupi, yeye nyuma yao. Miaka ya kusuka ilikuwa imeacha alama: ukuta wa baraza ulikuwa unang'aa kwa mafuta ya nywele, mstari mmoja mrefu, usawa wa vichwa vya wateja. Wanawake walifika kwake kutoka mitaa ya mbali, nusu kwa ajili ya mkono wake mwepesi, nusu kwa ajili ya ulimi wake. Mdogo wake akipita na nguo za watu, alimwita, "Umeshamaliza kuiokoa dunia, mdogo wangu? Basi pita uniletee maji." Na Bi Hodi alileta maji.

Mtaa wao ulikuwa bondeni. Kule juu kulikuwa na mtaa wa lami na nyumba za kuta ndefu, na mvua ikinyesha maji yote ya huko hayakuwa na pa kwenda ila kwao. Mtaro wa zamani ulikuwa mfupi wa kina, umejaa mifuko na chupa. Kila masika maji yaliingia ndani, watu wakapandisha magodoro juu ya meza, wakateka maji na kuyamwaga, wakaanika, wakasahau. Mpaka masika moja ambayo maji hayakuwangoja wapandishe kitu. Muuza mkaa alikuwa na mtoto aliyeanza kutembea juzi tu. Maji yaliingia, yakachukua godoro na aliyekuwa juu yake.

Msusi ndiye aliyempata. Maji yalipopungua alitoka kusafisha baraza, akainama kuvuta benchi la wateja, na mtoto alikuwa chini yake, hapumui. Alimfuta uso kwa taulo lake la kazi, akambeba mwenyewe kwa miguu hadi kwa mama wa mtoto, hakukubali kupokewa na mtu. Tangu siku hiyo lile benchi hakulitumia tena. Wateja waliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Jumapili iliyofuata Bi Hodi hakuwa na haja ya kumgongea mtu. Uwanja ulijaa, na msusi, ambaye siku zote alisema mikutano ni ya watu wasio na kazi, alikuja. Kabla seremala hajafungua kikao alisimama, mikono bado ina mafuta.

"Mimi nataka mtaro mpana," alisema. "Mpana hasa. Hata ukipita chumbani kwangu, upite."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Bi Hodi, nyuma kabisa, aliona shingo ya dada yake ilivyonyooka, na alijivunia, jambo alilokuja kulijutia.

Wakaenda ofisini kundi zima. Kamati ilikuwa imekubaliana kufuata njia ileile: waombe kikubwa. Wakaomba mtaro wa zege, wenye kina cha mtu mzima, upana wa kupishana mikokoteni miwili, na njia ya miguu kila upande. Mioyoni mwao walikuwa wanautaka nusu yake, bila hizo njia, na walikuwa wameshapanga nani atakasirika kwanza na nani atalegeza baadaye. Lakini habari za mtoto zilikuwa zimefika mbali, na wakubwa walikuwa na haya, au hofu, nani ajuaye. Ofisa aliwasikiliza, akaenda kuzungumza na wenzake, akarudi, akasema wamekubaliwa. Yote kama walivyoomba.

Nje watu walikumbatiana. Muuza mkaa alikaa chini kwenye ngazi za ofisi, akafunika uso. Bi Hodi na seremala walitazamana juu ya vichwa vya watu, kama wanunuzi wawili waliotaja bei ya utani wakasikia muuzaji anasema chukua. Seremala alitoa penseli sikioni, akairudisha, akasema polepole, "Upana wote ule utakaa wapi?"

Jibu lilikuja na mpima, kijana mwembamba mwenye kofia ngumu ya manjano, aliyemwita kila mwanamke mama na aliyekuwa anaona aibu kwa kazi aliyotumwa. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, akatembea na kopo la rangi nyekundu akiweka alama ukutani. Kila penye alama patabomolewa. Watakaobomolewa watapewa viwanja kule juu ya machimbo ya mawe. Kwenye kona alama iliangukia nyumba ya mama yao. Msusi alitoka, akagusa rangi kabla haijakauka, akainusa kidoleni.

"Rangi nzuri," akasema. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunipakia nyumba."

Mtaani maneno yalianza siku hiyohiyo. Bombani, pale pale walipoletewa maji na Bi Hodi, mmoja alisema si alitaka mwenyewe upite chumbani kwake, basi unapita, na wengine wakacheka ile ya kuficha mdomo kwa mkono. Bi Hodi alikuwa kwenye foleni. Walipomwona, kila mtu alipata shughuli na ndoo yake.

Kesho yake mpima alimfuata chumbani kwake. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akatazama pasi, akatazama blanketi, mpaka Bi Hodi akamwambia mwanangu sema, mkaa unaisha. Kijana akasema kwamba pale kwenye kona kuna nafasi. Mstari unaweza kusogezwa upande wa pili wa mtaro. Nyumba ya dada yake itapona, na badala yake itaondoka ile ya ng'ambo ya mtaro, ya fundi viatu. Nyumba kwa nyumba, kwenye ramani haibadiliki kitu. Yeye alihitaji tu mtu wa kamati aseme ndiyo.

"Neno lako moja tu, mama," alisema. "Wewe ndiye mtu wao."

Bi Hodi alimwomba amngoje. Aliitoa pasi ya moto mezani, akaiweka dirishani, akatoka bila kubeba nguo yoyote. Watu waliomwona akipita waligundua kwamba mikono yake mitupu ilikuwa mirefu kuliko walivyodhani.

Fundi viatu alikuwa ameketi mlangoni, midomo imebana misumari midogo. Mke wake alikuwa kitandani tangu alipopatwa na kiharusi, na kitanda kilisogezwa hadi dirishani ili aone njia. Bi Hodi alipiga hodi ya kwanza, hata ya pili hakuimaliza, sauti ya mgonjwa ikaita kutoka ndani kwa shida, ikiuliza kama ni yeye, na mumewe akamwambia ndiye, lala. Fundi alitema misumari kiganjani, akampa pole ya nyumba ya dada yake. Alisema maneno mazuri, hakuonyesha furaha yoyote, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

Bi Hodi aliketi kizingitini. Alichukua kiatu, akakigeuzageuza. Alikuwa amekuja kusema jambo, lakini kinywa chake kilikuwa kimezoea swali moja, na hilo ndilo lililotoka: ni kitu gani kinakukera humu.

Fundi alicheka kidogo. "Leo hakuna, dada yangu. Jana nimelala."

Kisha akaeleza, huku akigonga soli. Masika hayo yote alikuwa analala ameketi kwenye kiti, miguu chini sakafuni, ili maji yakiingia ayasikie kwa nyayo kabla hayajafika kitandani. Peke yake hawezi kumbeba mkewe. Tangu aliposikia mtaro umekubaliwa, alijinyoosha kitandani kama watu. Bi Hodi alimsikiliza hadi mwisho. Aliweka kiatu chini, akasimama, akajikung'uta sketi. Hakumwambia aende akaseme popote.

Njia ya kurudi ilipita mbele ya nyumba ya dada yake. Alimwona kwa mbali, barazani, akimsuka msichana wa shule na kukigombeza kile kichwa kana kwamba kimemkosea adabu. Bi Hodi alisimama kwenye kona. Hatua chache tu na hodi mbili, angemweleza: dada, nimeulizwa hivi, wewe unasemaje. Lakini akajiambia hilo ni zigo la kumtwisha mtu bure. Akisema aokolewe, atakuwa amemfukuza mgonjwa kitandani. Akisema abomolewe, atakuwa amejibomolea kwa kinywa chake mara ya pili. Huruma ni kutomuuliza. Akakata kushoto, akapita uchochoro wa nyuma, penye kamba za nguo.

Kwa kweli kulikuwa na jambo jingine pia, na alilijua. Kama mstari ungeruka nyumba ya dada yake, nani mtaani angemfungulia mlango tena? Wangesema hizo hodi zote zilikuwa za kutafuta pa kupitisha mtaro. Hakuweza kupima ni kiasi gani alikuwa anamlinda mgonjwa wa fundi, na ni kiasi gani alikuwa analinda jina lake. Alimkuta mpima bado amesimama palepale, akamwambia aache mstari alipoupaka.

Dada yake hakulia mbele ya watu. Kila aliyempa pole alimjibu kwamba alisema mwenyewe, na akisema jambo lake halirudishi. Alitembea kichwa juu. Aliuza mlango wa uani, akagawa mifuniko na masufuria asiyoyahitaji, na kila mteja alimwambia kule machimboni apande amfuate, ingawa wote walijua hakuna atakayepanda mlima wa mawe ili asukwe. Bi Hodi alikwenda kila siku kusaidia kufunga mizigo. Walizungumza habari za vijiko.

Ila siku ya kuezua bati, dada yake alikuwa mtu mwingine. Seremala alikuwa juu ya paa aking'oa misumari, na wao wawili chini wakipokea mabati na kuyaegemeza ukutani. Jua liliingia vyumba vyote mara moja. Vikaonekana vidogo mno, hata kile alichofia mama yao. Msusi hakumtupia mdogo wake neno lolote la utani tangu alipofika, wala hakumtuma maji.

Bati la mwisho liliposhuka, alijifuta mikono kwa lile taulo la kazi, akauliza bila kumtazama.

"Uliulizwa?"

Bi Hodi alielewa papo hapo. Baadaye mpima alikuja kumwomba radhi: alikuwa amepita barazani kwa msusi, akapewa maji ya kunywa, na kwa kutaka kumsifu akamwambia kwamba yeye na mdogo wake ni watu wa ajabu, waliopewa nafasi ya kupona wakaikataa. Alidhani walikuwa wamekaa pamoja wakakubaliana. Nani asingedhani hivyo?

"Niliulizwa," Bi Hodi alisema.

"Ukaenda kwa fundi viatu."

"Nilienda."

"Ukapiga hodi kwake." Msusi alikunja taulo mara mbili, akalikunja tena. "Mtaa mzima huu umewagongea. Walevi umewagongea. Yule mzee anayekutukana kila mwezi, yeye naye umemgongea. Mlango wangu hukuugonga."

Bi Hodi alisema alitaka asimtwike mzigo. Alijisikia anavyoongea, akatambua sauti: ndivyo walivyoongea wale wa ofisini siku zote, kabla mtaa haujajifunza kuwajibu.

"Pengine ningesema hivyohivyo," dada yake alisema. "Yule mama wa kiharusi namjua, nilimsuka siku ya harusi yake. Pengine ningesema bomoeni kwangu, na ningeondoka hapa nimeitoa mwenyewe nyumba ya mama. Au pengine ningesema niokoe. Sasa hatutajua, si mimi wala wewe."

Seremala, juu ya paa, alibaki amechuchumaa kwenye mbao tupu, akijifanya anatafuta msumari. Hapakuwa na msumari.

Mtaro ulijengwa. Ulikuwa mzuri, hilo hakuna awezaye kulipinga. Masika yaliyofuata maji ya juu yalishuka kwa kishindo, meusi, yamebeba matawi, yakapita katikati ya mtaa kama wageni wasio na habari na mtu, yakaenda zao. Watu walisimama kwenye njia za miguu, kila upande, wakatazama. Muuza mkaa alikuja akatazama kidogo tu, akarudi ndani. Fundi viatu alimfungulia mkewe dirisha ili asikie. Jumapili kulikuwa na mkutano wa kushukuru, seremala akatoa hotuba, akasema kuna mtu nyuma pale anastahili kusimama. Watu waligeuka. Nyuma hapakuwa na mtu.

Bi Hodi alikuwa amepanda machimboni. Njia ilikuwa ya mawe matupu na vumbi jeupe, lililolainishwa na mvua likawa uji. Mkononi alikuwa amelaza pazia la mlangoni la mama yao, lililosahauliwa kwenye msumari siku ya kuhama. Alikuwa amelifua, akalinyoosha kwa pasi mara nyingi kuliko linavyohitaji, mpaka maua yake yaliyofifia yakaonekana tena. Kiwanja alikitambua kwa mlango: ule ule wa mbele wa nyumba yao, wenye ufa chini, umefungwa kwenye kuta za bati. Baraza halikuwepo. Ndoo ilikuwa imepinduliwa nje, juu yake pamekauka matope, hakuna aliyeikalia siku nyingi.

Ndani kulikuwa na mtu. Alisikia chanuo likiwekwa juu ya kitu cha bati.

Akapiga hodi ya kwanza. Akangoja kimya chake kile. Akapiga ya pili.

"Mwenyewe hayupo," ikajibu sauti ya dada yake kutoka ndani, bila hasira, kama anavyojibiwa mgeni.

Bi Hodi alisimama. Ya tatu ilikuwa kooni, aliisikia ilivyokaa. Hakuipiga. Alilitundika pazia kwenye kitasa, akalinyoosha mkunjo mmoja kwa kiganja, akaanza kushuka.